Dawa ya "nyoka wote" imemwacha moma nje

Kuna habari inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp tangu mwaka 2025, kwamba wanasayansi wamepata dawa moja inayotibu sumu ya nyoka wote, na kila ikipita lazima mtu aandike chini yake "hatimaye!" na mwingine aulize inapatikana duka gani la dawa na bei gani. Furaha hiyo naielewa na sipendi kuharibu sherehe za watu, sema habari yenyewe imesomwa nusu. Dawa zinazosemwa hapo zimelenga familia moja tu ya nyoka, ile ya swila na koboko, na yule nyoka ambaye mkulima na mfugaji wa huku kwetu anakutana naye kwenye nyasi na mawe karibu kila msimu, yaani moma (wengine mnamwita bafe, wengine kifutu), hayumo. Sio kwamba kasahaulika kwenye kichwa cha habari, hayumo kwenye dawa yenyewe. Na mimi naona hili sio jambo la kuwaachia wataalamu wa nyoka wabishane, kwa sababu wizara na wafadhili wakianza kupanga bajeti wakiamini tatizo la nyoka limeshapata dawa, watakaoumia ni walewale ambao sumu yao haikuguswa na utafiti huo.

Tuanze na kilichotokea kweli. Mei 2025 jarida la Cell lilichapisha kazi ya kampuni ya Marekani inayoitwa Centivax na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, kazi iliyoanzia kwenye damu ya bwana mmoja anaitwa Tim Friede, ambaye kwa karibu miaka 18 alikuwa anajidunga sumu za nyoka mwenyewe, mamia ya dozi, na juu ya hapo akawa anajiachia kugongwa makusudi (mtu wa ajabu kweli, na tafadhali asitokee wa kumuiga). Kwenye damu yake wakapata antibodi mbili (zile protini za kinga za mwili), wakaongezea dawa ya kemikali inayoitwa varespladib, na mchanganyiko huo ukawakinga panya kikamilifu dhidi ya sumu za nyoka 13 kati ya 19 waliojaribiwa, waliobaki wakapata kinga kiasi. Oktoba mwaka huohuo jarida la Nature likaleta kazi ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, wao walichanja alpaka na lama (wanyama wa jamii ya ngamia) kwa sumu za nyoka 18 wa Afrika, wakatoa vile vipande vidogo vya antibodi vinavyoitwa nanobodi, wakachagua nane, na hizo nane kwa pamoja zikazima sumu za nyoka 17 kati ya 18 kwenye panya. Kazi nzito zote mbili, nisieleweke vibaya. Ila chukua orodha za nyoka wenyewe uzisome: swila wa aina mbalimbali, koboko na ndugu zake, rinkhals wa kusini mwa Afrika, na kwenye ile ya Marekani kuna hata taipani wa Australia. Wote ukoo mmoja. Watafiti waliliandika hilo waziwazi wala hawakumficha mtu kitu, hayo ya "nyoka wote" yaliongezwa na waandishi wa vichwa vya habari na sisi tukamalizia kwa kusambaza.

Sasa huyu aliyebaki nje ni nani. Moma, Bitis arietans kwa jina la kisayansi, ni nyoka mnene mfupi, kwa kawaida kama mita moja hivi, kichwa kipana cha pembetatu na mgongoni ana alama za V zilizopangana rangi ya nyasi kavu na udongo. Anapatikana karibu Afrika yote kusini mwa Sahara ukitoa jangwa tupu na msitu mnene wa mvua, anafika Morocco, na ng'ambo ya bahari yuko Yemen na Dhofar kule Oman, kwa hiyo hata ndugu zetu wa Salalah wanamjua. Makao yake hasa ni mbuga, vichaka, mashamba na vilima vya mawe, kwa maneno mengine palepale tunapolima na kuchunga. Na ana tabia moja inayomtofautisha na koboko kabisa: hakimbii. Koboko akisikia kishindo chako mara nyingi ameshaondoka kabla hujamuona, ila moma anatulia, maana maisha yake yote ni kuvizia. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wits cha Johannesburg walichapisha utafiti ambapo mbwa waliofundishwa kunusa na nguchiro wale wa jangwani walishindwa kumtambua moma aliyejificha kwa harufu yake, yaani anakaa pale mbwa anapita karibu yake kabisa na pua yake inamwambia hapa hakuna kitu. Sasa kama mbwa anapita, wewe na ndala zako saa moja jioni unarudi kisimani utamuona saa ngapi? Unamkanyaga au unakanyaga pembeni yake, anagonga chini ya goti, imeisha. Na hawa sio viumbe wa kutafutwa kwa tochi, jike mmoja anazaa watoto 20 mpaka 40 kwa mkupuo (anazaa, hatagi), na jike mmoja mwenye asili ya Kenya aliyekuwa kwenye bustani ya wanyama kule Czech aliwahi kuzaa watoto 156, rekodi ambayo ukiisoma usiku hulali vizuri.

Kwa nini dawa mpya zimeanza na swila na sio moma? Hapa ndo penye kiini cha mambo na ndipo watu wengi wanaparuka. Sumu ya koboko na ya swila wengi inategemea sana protini ndogondogo zinazokwenda kushika sehemu ileile ya msuli, pale msuli unapopokea amri ya neva, zikishashika msuli haupokei amri tena, kope zinashuka, ulimi unakuwa mzito, mwisho misuli ya kupumua inasimama. Kwa sababu zote lazima zishike sehemu ileile, kuna kipande cha umbo lao ambacho hakiwezi kubadilika sana kutoka nyoka huyu kwenda yule, ni kama funguo za kufuli moja, unaweza kuzipaka rangi tofauti lakini meno yake lazima yafanane. Antibodi iliyojifunza kushika hayo meno itazima funguo nyingi kwa mpigo. Sumu ya moma haifanyi kazi hivyo. Yeye sumu yake imejaa vimeng'enya vikubwa, vya aina nyingi, kuna vinavyokata kuta za mishipa midogo ya damu, kuna vinavyochezea kuganda kwa damu, vinavyovuruga zile chembe za kuzuia damu isitoke, vinavyoyeyusha nyama, na kila kimoja kina ndugu zake wa maumbo tofauti. Na hata ndani ya aina hiyohiyo moja ya nyoka sumu inabadilika kutokana na mahali, moma wa Nigeria, wa Afrika Kusini na wa Kenya hawana mchanganyiko unaofanana. Kwa hiyo kumuongeza moma kwenye orodha sio suala la kuongeza antibodi moja wiki ijayo, ni kuanza mlima mwingine.

Na madhara yake nayo ni ya aina nyingine, ndo maana hata takwimu zinamficha. Aliyegongwa na koboko ama anakufa ama anapona, habari inafika kijiji cha tatu siku hiyohiyo. Aliyegongwa na moma mara nyingi anaishi. Ila tazama mguu wenyewe. Ndani ya dakika chache unaanza kuvimba kuanzia alama za meno, nesi anayejua kazi anachukua kalamu anachora mstari mahali uvimbe ulipofika na anaandika saa pembeni, baada ya muda anachora mwingine juu yake, na mpaka asubuhi mistari inaweza kuwa imepanda kutoka kifundo cha mguu hadi paja, ngozi imekaza inang'aa, malengelenge yamejaa maji yenye damu, halafu siku zinazofuata nyama ya pale alipogongwa inaanza kuwa nyeusi. Baba yangu mdogo wa Singida alipitia hayo enzi hizo akivuna mtama, zahanati aliyopelekwa haikuwa na seramu ya kuzima sumu ya nyoka, na mpaka leo goti lake la kushoto halikunji sawasawa, anasali amekaa kwenye kiti. Kwenye vitabu vya takwimu yeye ni "amepona". Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria watu milioni 5.4 wanagongwa na nyoka kila mwaka duniani, kati ya 81,000 na 138,000 wanafariki, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu au kukatwa kiungo ni kama mara tatu ya hao wanaofariki. Hiyo mara tatu ndo mimi nataka tuiangalie, kwa sababu huko ndiko moma na jamaa zake wanakofanyia kazi.

Halafu hili la dawa moja kwa nyoka wote sio jipya hata kidogo. Albert Calmette, Mfaransa aliyefanya kazi Saigon kabla ya kurudi Lille, ndiye mmoja wa waliotengeneza seramu ya kwanza ya sumu ya nyoka miaka ya 1890, na aliitengeneza kwa kutumia sumu ya swila. Aliamini kwamba itafaa kwa nyoka wengine wote. Haikufaa. Daktari Vital Brazil kule São Paulo, nchini Brazil, aliona wagonjwa wa nyoka wa kwao, ambao wengi wanagongwa na nyoka wa familia ya akina moma, hawasaidiki na seramu ya swila wa Asia, akathibitisha kwamba lazima seramu itokane na sumu ya nyoka husika, na Charles Martin kule Australia naye akambishia Calmette kwa ushahidi wake. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado tukisikia dawa imefaulu kwa swila tunaruka moja kwa moja kwenye "nyoka wote". Tofauti ni kwamba safari hii wanasayansi hawajakosea, ni sisi wasomaji.

Wapo watakaonijibu, na majibu mengine ni mazito. La kwanza, kwamba kuanza na familia ya swila ni sahihi kwa sababu hao ndio wanaoua haraka, mtu aliyegongwa na koboko hana muda wa kufika wilayani, kwa hiyo hata dawa ya nusu ya nyoka ni maisha ya watu. Nakubali, tena nitaongeza: swila wa kutema wanawagonga watu wamelala ndani ya nyumba, sumu yao inaozesha nyama kama ya moma, na zile nanobodi za Denmark zilipunguza huo uharibifu kwenye panya, jambo ambalo seramu ya farasi (ile ya siku zote, inayotokana na damu ya farasi aliyechanjwa sumu) inalifanya vibaya sana. La pili, kwamba hii ni hatua ya kwanza na watafiti wenyewe wamesema nyoka wa familia ya moma wanafuata. Hilo nalo nalikubali, ingawa ndugu zangu tusisahau kwamba tunaongelea panya. Kati ya panya wa maabara na mgonjwa wa Baringo au Kiteto kuna majaribio ya usalama, majaribio ya ufanisi, kiwanda, usajili, na mtu wa kulipa.

Ila kuna hoja moja naisikia, hata kwa watu wenye vyeo, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba sasa hakuna haja ya kutupa hela kwenye seramu za zamani za farasi wakati teknolojia mpya iko mlangoni. Hebu tukumbuke kilichotokea juzi tu. Sanofi, kampuni ya dawa ya Ufaransa, walikuwa wanatengeneza Fav-Afrique, seramu iliyofaa kwa nyoka 10 wa Afrika akiwemo moma. Biashara hailipi, wakaacha, na shehena ya mwisho ikaisha muda wake Juni 2016. Madaktari Wasio na Mipaka walipiga kelele mwaka mmoja kabla, haikusaidia. Pengo lililobaki likajazwa na chochote kilichokuwa na lebo nzuri, na mwaka 2017 watafiti wa Liverpool na Nairobi walipochukua seramu zinazouzwa Kenya wakazijaribu kwa sumu za nyoka wa Afrika Mashariki, baadhi yake zikaonekana dhaifu mno kwa nyoka ambao zilidai kuwatibu. Kwa hiyo anayesema tuache seramu ya zamani tusubiri mpya anamwambia aliyegongwa leo asubiri dawa ambayo, hata ikifika kesho kutwa, haijatengenezwa kwa nyoka wake. Seramu ya farasi ina kasoro zake, inataka friji kama ni ya maji, inaweza kuleta mzio mkali, chupa moja haitoshi kwa moma, wakati mwingine zinahitajika nyingi, na nyama ikishakufa hairudishi. Pamoja na hayo yote ndiyo dawa pekee yenye uwezo wa kuzima sumu ya moma ambayo daktari anaweza kuishika mkononi leo, ikiwa ni ile inayofaa na imefika mapema.

Cha kushangaza, habari kubwa zaidi kwa upande wa moma ilitokea hapahapa pwani na haikusambazwa na mtu. Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome na wenzao wa Liverpool walijaribu dawa inayoitwa unithiol kwa watu 64 wazima wa afya, kuangalia usalama na dozi. Unithiol sio dawa mpya, inatumika siku nyingi kwa watu waliopata sumu ya zebaki na madini mengine, kazi yake ni kunasa metali mwilini. Sasa vile vimeng'enya vya moma na wenzake vinavyokata mishipa ya damu haviwezi kufanya kazi bila madini ya zinki ndani yake, ukiinasa zinki kimeng'enya kinabaki chuma chakavu. Uzuri wake unapatikana kwa vidonge, hautaki friji, na unaweza kumezwa kijijini wakati pikipiki bado inatafutwa. Jaribio la Kilifi lilionyesha dawa inavumilika na mwili, bado halijaonyesha kwamba inaokoa mguu wa mtu, hilo linataka jaribio kwa wagonjwa halisi waliogongwa. Lakini ukiniuliza mimi ni wapi shilingi ya utafiti ya mfugaji wa Afrika Mashariki ingeenda kwanza, ningesema pale kabla ya alpaka wa Denmark, na najua kuna watakaonuna.

Kusoma habari nusu kuna hasara nyingine ya karibu zaidi, huduma ya kwanza. Mtu akiamini nyoka ni nyoka na dawa ni moja ataamini pia kwamba huduma ya kwanza ni moja. Ile bandeji ya kubana mguu mzima kwa nguvu, ambayo mnaiona kwenye video za Australia, imetengenezwa kwa sumu za mishipa ya fahamu, za ukoo wa koboko. Kwa mguu wa moma unaovimba haishauriwi, unazidi kukandamiza nyama ambayo tayari inakosa damu. Kamba ya kukaza ndo mbaya kabisa, wembe pia, jiwe jeusi halivuti kitu. Kwa moma vua viatu, bangili na pete kabla mguu au mkono haujavimba, mlaze mgonjwa, kiungo kisitembeetembee, mpeleke hospitali haraka, basi. Na usipoteze saa nzima kumtafuta nyoka umuue uende naye, picha ya simu ukiwa mbali inatosha, na kama hukuipata, uvimbe wenyewe na mwendo wake vitamwambia daktari mengi.

Ukija upande wa serikali, mambo yanayotokana na haya yote hayahitaji kusubiri jarida lolote. WHO iliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika Juni 2017, na Mei 2019 ikatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030, sasa 2030 hiyo hapo. Hospitali zetu nyingi zinaandika "snake bite" kwenye rejista na kufunga daftari, bila aina ya nyoka, bila uvimbe ulifika wapi, bila kujua huyu mtu miezi 6 baadaye anatembea au hatembei, halafu tunashangaa kwa nini kampuni haijui itengeneze chupa ngapi na za nyoka gani. Karen, Nairobi, kuna kituo cha utafiti wa sumu za nyoka kinachofuga nyoka wa hapahapa na kukamua sumu yao, kwa hiyo hakuna sababu ya nchi za ukanda huu kununua seramu ambayo haijapimwa kwa sumu ya moma wa ukanda huu. Watumishi wa manunuzi waongeze mstari mmoja tu kwenye zabuni: muuzaji alete matokeo yanayoonyesha dawa yake inazima sumu ya Bitis arietans wa Afrika Mashariki, kwa kiasi gani kwa kila chupa, na nani aliyepima asiye yeye mwenyewe. Na siku hiyo dawa mpya ya "nyoka wote" itakapofika mezani, ikiwa na boksi lake zuri, iulizwe swali hilohilo.